House of the Dragon: Tamthilia huchagua vipi ukweli mmoja kati ya simulizi nyingi?

Kitabu cha njozi kinaweza kusema "wengine husema hivi, wengine husema vile". Kamera haiwezi. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Mweru, nchini Zambia, wamelijua tatizo hilo muda mrefu kabla ya televisheni kufika kwao.

Kashikishi ni mji wa wavuvi na wachuuzi wa samaki katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji kuna Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Usiku, wavuvi huwasha taa juu ya ziwa ili kuwavuta chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao hukaushwa na kusafirishwa hadi kwenye miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaliana.

Hiyo ni sheria. Lakini anayeuliza ziwa lenyewe ni la nani, na lilimfikiaje mwenye nalo, hatajibiwa kwa sheria peke yake. Atasimuliwa habari za mwanamke aitwaye Nachituti, za kaka yake Nkuba, na za mfalme wa Walunda, Mwata Kazembe. Tena huenda asisimuliwe kwa namna moja, kwa kuwa kila ukoo una mahali pake pa kusimama ndani ya hadithi hiyo.

Hali kama hiyo iliwakabili waandishi wa tamthilia ya House of the Dragon ya kituo cha HBO cha Marekani, ambayo Afrika imetazamwa kupitia M-Net na Showmax. Kitabu walichokabidhiwa kina mashahidi wanaopingana. Skrini ilihitaji jibu moja.

Fire & Blood ni kitabu cha namna gani?

Kitabu cha Fire & Blood cha mwandishi Mmarekani George R.R. Martin kilichapishwa Novemba 2018. Ni sehemu ya ulimwengu ule ule wa kubuni, Westeros, uliofahamika duniani kupitia tamthilia ya Game of Thrones. Hata hivyo, si riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kana kwamba ni kitabu cha historia, na mwandishi wake wa kubuni ni msomi mmoja, Gyldayn, anayekusanya habari za ukoo wa kifalme wa Targaryen uliotawala kwa nguvu za majoka.

Sehemu inayosimuliwa na tamthilia ni vita vya ndugu kwa ndugu. Mfalme Viserys anamtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi wa kiti cha enzi. Anapofariki, mke wake wa pili, Alicent, na washirika wake wanamtawaza mwanawe Aegon. Nchi inagawanyika na majoka yanageuziana moto. Kisa hiki kina mwangwi wa historia ya Uingereza ya karne ya 12, pale binti wa mfalme, Matilda, alipopigania taji dhidi ya binamu yake Stephen.

Gyldayn hakuyaona mambo anayoyaandika. Anategemea maandishi ya waliotangulia, na watatu kati yao hutajwa mara kwa mara. Wa kwanza ni Eustace, mtu wa dini, anayeegemea upande wa Aegon. Wa pili ni Munkun, msomi aliyeandika baada ya vita akitegemea maneno ya mtangulizi wake, Orwyle. Wa tatu ni Mushroom, mchekeshaji wa kasri, mbilikimo aliyedhaniwa kuwa punguani na hivyo watu wakasema mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya mwingine. Mushroom hupenda habari za aibu, na msomaji hajui lini anasema kweli na lini anatia chumvi.

Mfano mmoja unatosha. Rhaenyra akiwa kijana, anakosana na mlinzi wake Criston Cole, ambaye baadaye anageuka kuwa adui yake mkubwa. Kwa nini? Eustace anasema Criston alimwendea binti mfalme, akamweleza kuwa anampenda na kumwomba watoroke pamoja ng'ambo ya bahari, naye akamkatalia. Mushroom anasema kinyume chake: binti mfalme ndiye aliyemwendea Criston usiku, na mlinzi ndiye aliyekataa. Gyldayn anaziweka habari zote mbili mbele ya msomaji na kusonga mbele.

Tamthilia iliwafanya nini mashahidi watatu?

House of the Dragon ilianza kuonyeshwa tarehe 21 Agosti 2022. Iliasisiwa na Martin pamoja na Ryan Condal, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa uandishi. Kipindi cha kwanza kilitazamwa na karibu watu milioni 10 nchini Marekani usiku wa kwanza pekee. Msimu wa 1 una vipindi 10, na msimu wa 2, ulioanza Juni 2024, una vipindi 8.

Waandishi hao wangeweza kuonyesha kila tukio mara mbili au tatu, kila mara kwa jicho la shahidi mwingine. Hawakufanya hivyo. Tamthilia inajiweka mahali pa tukio lenyewe, kana kwamba inasema: haya ndiyo yaliyotokea, na wanahistoria watakuja kuyakosea baadaye. Mushroom hakuonekana kabisa katika misimu hiyo miwili. Kwa kuwa kamera yenyewe imekuwa shahidi, mchekeshaji hana tena kazi.

Katika kisa cha Criston, tamthilia ilichukua nusu kutoka kila upande. Rhaenyra ndiye anayemvuta mlinzi wake chumbani, jambo linalofanana na maneno ya Mushroom, ila mlinzi hakatai. Baadaye Criston anamwomba watoroke, kama alivyodai Eustace, naye Rhaenyra anakataa. Hivyo likapatikana tukio la tatu lisilokuwamo kitabuni, lakini linaloeleza jinsi kila shahidi angeweza kusikia kipande tu cha kweli.

Kifo cha Mfalme Viserys kimefanyiwa jambo kama hilo. Kitabuni anafariki usingizini, na Mushroom peke yake anadai kuwa Malkia Alicent aliharakisha mambo kwa sumu. Kwenye skrini hakuna sumu. Badala yake, mfalme mgonjwa anatamka maneno ya mwisho kuhusu unabii wa kale, na Alicent anayaelewa vibaya, akadhani mumewe amebadili nia na kumtaka mwana wao Aegon arithi. Vita ambavyo kitabuni vinatokana na tamaa ya madaraka, hapa vinapata chanzo kingine: sikio lililosikia visivyo.

Badiliko kubwa kuliko yote linamhusu Alicent mwenyewe. Kitabuni anamzidi Rhaenyra kwa takriban miaka tisa, na uhusiano wao ni wa mama wa kambo na binti wa mume. Tamthilia imewafanya marafiki wa utotoni wanaolingana umri, wanaosoma kitabu kimoja chini ya mti mmoja. Kwa uamuzi huo, hadithi ya nyumba mbili za kifalme zinazogombana imekuwa hadithi ya urafiki uliovunjwa na wanaume waliowazunguka. Watazamaji wengi ambao hawajasoma kitabu hawajui kama kuna namna nyingine ya kuisimulia.

Kwa nini mabadiliko hayaepukiki?

Wataalamu wa fasihi huita kazi ya kuhamisha hadithi kutoka umbo moja kwenda jingine uhawilishaji. Zipo sababu kadhaa zinazofanya hadithi isifike ng'ambo ya pili kama ilivyoondoka.

Sababu ya kwanza ni nafsi. Riwaya za Martin zilizotangulia, zilizoanza na A Game of Thrones mwaka 1996, zimegawanywa katika sura, na kila sura hufuata mawazo ya mhusika mmoja. Kitabu hicho cha kwanza, ukiondoa utangulizi, kina wahusika wanane wa namna hiyo. Msomaji hujua tu kile anachokijua mwenye sura. Kamera haina ruhusa hiyo ya kujificha ndani ya kichwa cha mtu. Kwa hiyo Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia Aprili 2011 hadi Mei 2019, ilibuni mazungumzo ambayo hayamo kitabuni, kama yale ya Mfalme Robert na Malkia Cersei wakizungumzia ndoa yao iliyokufa. Kitabuni hakuna mwenye sura aliyekuwamo chumbani humo, hivyo msomaji naye hakuwamo.

Sababu ya pili ni muda na gharama. Kila mhusika kwenye skrini ni mtu anayelipwa, anayevishwa na kusafirishwa. Ndiyo maana waandishi huunganisha wahusika wawili kuwa mmoja, au humwondoa mmoja kabisa. Katika vitabu, Catelyn Stark anarejea baada ya kuuawa, akiwa kiumbe wa kulipiza kisasi. Game of Thrones haikumrejesha.

Sababu ya tatu ni mwili wa mwigizaji. Daenerys ana umri wa miaka 13 mwanzoni mwa riwaya, na tamthilia ilimwongezea umri. Katika Fire & Blood, watu wa ukoo wa Velaryon ni weupe wenye nywele za rangi ya fedha. House of the Dragon iliwafanya kuwa watu weusi, na Corlys, mkuu wa ukoo huo na baharia tajiri kuliko wote, akaigizwa na Muingereza Steve Toussaint. Badiliko hilo lilizua mjadala, lakini pia lilimsaidia mtazamaji kutambua mara moja nani ni wa nyumba ipi na ni watoto gani wanaotiliwa shaka kuhusu baba yao.

Sababu ya nne ni haki za kisheria. Tamthilia ya The Rings of Power, iliyoanza Septemba 2022, inatumia hasa viambatisho vya The Lord of the Rings vya J.R.R. Tolkien, kwa sababu watayarishaji hawakununua haki za The Silmarillion, kitabu kinachoeleza zama hizo kwa kirefu. Mambo ambayo Tolkien aliyatandaza katika maelfu ya miaka yakakusanywa kwenye uhai wa wahusika wale wale.

Mtoto aliyeachwa nje

Je, badiliko dogo ni dogo kweli? Septemba 2024, Martin mwenyewe aliandika hadharani kulalamikia uamuzi mmoja wa House of the Dragon. Andiko hilo liliondolewa muda mfupi baadaye, lakini hoja yake ilikuwa imeshasambaa.

Kitabuni, wauaji wawili wanaingia kasrini usiku na kumlazimisha Malkia Helaena achague ni yupi kati ya wanawe wawili atakayekufa. Anamtaja mdogo, Maelor. Wauaji wanamuua mkubwa, na mama anabaki akiishi na mtoto anayejua, au atakayekuja kujua, kwamba mama yake alimtaja yeye. Katika tamthilia Maelor hajazaliwa. Wauaji wanataka tu kuonyeshwa yupi kati ya pacha wawili ni wa kiume.

Martin alieleza kuwa kumwondoa mtoto huyo hakuondoi tukio moja tu, bali kunalegeza matukio mengine yaliyoegemea juu yake, likiwamo suala la kinachomfikisha Helaena kwenye mwisho wake. Mlolongo wa sababu na matokeo hukatika mahali ambapo mtazamaji haoni mkato. Kwa upande wake, Condal amekuwa akieleza mipaka ya kazi ya televisheni, na Agosti 2024 alitangaza kwamba tamthilia itamalizika kwa msimu wa 4.

Mabishano hayo yanahusu ulimwengu wa kubuni, ambamo hakuna shamba wala mtumbwi wa mtu utakaopotea. Kwenye bonde la Luapula mambo ni tofauti.

Luapula: mahali ambapo msimulizi husema 'mimi'

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanaanthropolojia Muingereza Ian Cunnison aliishi katika bonde la Luapula, kusini mwa Ziwa Mweru, akikusanya historia za wenyeji. Alikuta desturi iliyomshangaza. Mkuu wa ukoo anaposimulia mambo yaliyomtokea mtangulizi wake miaka 200 nyuma, hasemi "babu alivuka mto". Husema "nilivuka mto". Anayerithi nafasi hurithi pia jina, ndugu, na makumbusho ya aliyemtangulia. Anayezungumza leo na yule aliyevuka zamani ni mtu mmoja katika cheo kimoja.

Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na historia yake, yenye nafsi yake ya kwanza. Ukoo wa jirani haukuwa na haki ya kuisimulia, wala haukuona sababu ya kuisahihisha. Msomaji wa Martin atatambua mpangilio huo: ni sura nyingi, kila moja ikiwa na mwenyewe. Tofauti ni kwamba wenye sura wa Luapula walikuwa hai, na walikuwa majirani.

Juu ya historia hizo za koo, Cunnison aliona kuwa ipo moja iliyodai kuwa ya nchi nzima, nayo ni ya Mwata Kazembe. Inaanzia magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, kwenye nchi ambayo leo ni Kongo. Inapita kwenye mto Lualaba, ambako Chinyanta na ndugu yake Kasombola walizamishwa majini na Mutanda. Inaendelea na Ng'anga Bilonda, aliyeongoza Walunda kuvuka mto Luapula katika karne ya 18. Ina safari ndefu, usaliti na vita. Haina upungufu wowote wa kuwa utenzi mkubwa.

Kutoka mdomoni hadi kitabuni, kutoka kitabuni hadi uwanjani

Simulizi hiyo iliandikwa na mfalme mwenyewe. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliyetawala katika miaka ya 1940, aliiandaa kwa msaada wa padri mmisionari Edouard Labrecque. Kitabu kilichapishwa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Mababu Zangu na Watu Wangu. Neno "zangu" katika kichwa hicho ni ile "mimi" ya wasimulizi, sasa ikiwa imechapwa kwa wino. Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza miaka ya 1960.

Uhawilishaji wa pili ulifuata. Tangu 1971, wakati wa Mwata Kazembe XVII, Paul Kanyembo Lutaba, sherehe ya Mutomboko imekuwa ikifanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai katika makao makuu ya Walunda, Mwansabombwe, kusini mwa Kashikishi. Mwata huenda kwenye mto Ng'ona kuwakumbuka kwa sadaka wale waliozama Lualaba. Kisha hubebwa hadi uwanjani na kucheza ngoma ya ushindi, akiwa na upanga na shoka la kifalme, akiunyoosha upanga huku na huku, juu mbinguni na chini ardhini. Viongozi wa taifa huhudhuria, na picha za sherehe huwafikia watu ambao hawajawahi kufika Luapula. Mwata wa sasa, wa XIX, ametawala tangu 1998.

Mwanahistoria David Gordon, aliyeichunguza sherehe hiyo katika makala ya mwaka 2004, anaitazama kama historia inayoigizwa jukwaani. Uwanja una kanuni zake, kama ilivyo skrini. Unahitaji kiini kimoja cha kutazamwa, mhusika mkuu mmoja, na muda unaohesabika. Koo ndogo zenye "mimi" zao hazina nafasi ya kucheza kila mmoja ngoma yake mbele ya mgeni rasmi. Historia iliyokuwa sauti nyingi huonekana kuwa sauti moja, na si lazima awepo mtu aliyekusudia kuzinyamazisha nyingine.

Zawadi ya Nachituti: nani mwenye maji?

Ndipo inaporejea ile hadithi ya ziwa. Kwa mujibu wa simulizi, kabla ya Walunda kufika walikuwapo Wabwilile, wenyeji wa awali. Baadaye wakaja Washila, wavuvi waliotawalwa na Nkuba. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake Nachituti, akaichuna ngozi yake na kuiweka chini ya mkeka aliokuwa akikalia. Dada alipogundua, alikwenda kwa Kazembe kudai kisasi. Watu wa Kazembe wakamuua Nkuba na kumletea Nachituti kichwa. Naye, kwa shukrani, akamkabidhi Kazembe udongo na maji: nchi na ziwa.

Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi hiyo, Nachituti's Gift, kwa sababu aliona kuwa hadithi hii ni hoja juu ya umiliki. Anayepokea maji kwa zawadi ana haki ya kudai sehemu ya kinachovuliwa humo. Wakoloni Waingereza walipotafuta mtu wa kutawala kupitia kwake, walimtambua Kazembe, na simulizi yake ilikwishajua kueleza kwa nini awe yeye.

Hadithi hiyo hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ukisimama Mwansabombwe, inasema nchi ilitolewa kwa hiari na mwenye haki ya kuitoa, kwa mfalme aliyetenda haki. Ukisimama kwenye mtumbwi wa Mshila, inakiri jambo jingine: nchi ilikuwa na wenyewe kabla, na aliyeipokea alijua hivyo, la sivyo kusingekuwa na haja ya kukabidhiwa. Simulizi ya mdomo hubeba maana zote mbili, kwa kuwa msikilizaji anajua aliyesimulia ni nani. Kwenye skrini, mara nyingi msimulizi hafahamiki.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao kutoka nchi hiyo hiyo. Mwaka 1867, mfanyabiashara wa Zanzibar Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alipigana na mtawala Nsama katika Itabwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Aliyasimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake, kimojawapo cha tawasifu za kwanza za Kiswahili. Mwaka huo huo David Livingstone alipita katika nchi hizo na kufika Ziwa Mweru mwezi Novemba, naye akaandika alichokiona na alichosikia katika shajara zake. Vita ni kimoja. Mshindi ana kitabu chake, mpita njia ana chake, na walioshindwa wana simulizi tu. Atakayetengeneza tamthilia ya vita hivyo atalazimika kuamua kamera ianze safari na nani.

Ikiwa siku moja simulizi ya Luapula itafika kwenye skrini

Wazo hilo si la mbali kama lilivyokuwa. Juni 2023, chaneli ya Mzansi Magic ya Afrika Kusini ilianza kuonyesha Shaka iLembe, tamthilia kubwa ya historia ya mfalme wa Wazulu. Mwezi uliofuata, Netflix ilitoa Supa Team 4, katuni iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema na inayotokea Lusaka ya wakati ujao. Wasimulizi wapo, na watazamaji wapo.

Uzoefu wa House of the Dragon unaacha mambo matatu ya kuzingatia kwa yeyote atakayeishika kazi hiyo.

Kwanza, kubadili si kosa. Hadithi ya Kazembe ilibadilika ilipotoka mdomoni kwenda kitabuni, na ikabadilika tena ilipoingia uwanjani. Haijawahi kuwapo nakala isiyoguswa na mkono wa mtu.

Pili, kila kinachoondolewa kilikuwa kimeshikilia kitu. Maelor ni mtoto wa kubuni, na kuondolewa kwake kumelegeza mlolongo wa hadithi tu. Mshila akiondolewa kwenye hadithi ya ziwa, kinacholegea ni dai la watu ambao bado wanavua humo.

Tatu, umbo la skrini lina nguvu kuliko kitabu katika kumbukumbu za watu. Aliyesoma Fire & Blood anajua kuwa Eustace na Mushroom hawakukubaliana. Aliyetazama tamthilia anaamini kuwa alikuwepo chumbani. Mtoto wa Nchelenge atakayemwona Nachituti kwenye televisheni atambeba Nachituti huyo maishani mwake, na bibi yake atakuwa na kazi ngumu ya kumweleza kwamba kwao hadithi husimuliwa vingine.

Kuna njia ambazo waandishi wa tamthilia wanaweza kuzitumia. Wanaweza kumpa kila msimulizi kipindi chake na kumwacha aseme "mimi", kama walivyofanya wakuu wa koo za Luapula. Wanaweza kumbakisha Mushroom wao, yule mtu wa pembeni anayesikia yasiyoandikwa. Wanaweza pia kuonyesha tukio moja kwa macho mawili, na kumwachia mtazamaji uamuzi ambao Gyldayn alimwachia msomaji.

Kashikishi, uvuvi unapofunguliwa tena mwanzoni mwa Machi, mitumbwi hushuka majini bila kuuliza nani aliyesimulia vizuri zaidi. Lakini kodi, mipaka ya maeneo ya machifu na heshima anayopewa kila mmoja huendelea kutegemea jibu la swali lile la zamani. Nachituti alikabidhi udongo na maji. Nani alikuwepo, na nani anasema alikuwepo, bado linabaki kuwa jambo la kujadiliwa na wenye ziwa wenyewe.